Bega Bovu, Upinde Mgumu: Jamaa wa Gongoni Asichekwe!

Tabora mjini stori ni moja tu. Jamaa mmoja wa Gongoni, jina kapuni, aliyeteguka bega kwenye ajali ya bodaboda, anataka kurudi porini na krosibo, ule upinde wenye kitako kama bunduki. Kaulizia wenye mpini wa kuzungusha, washkaji wakamcheka eti anatafuta upinde wa mabibi.

Jamani, acheni hizo! Upinde wa ratili 175 ni karibu kilo 80 za kuvuta. Hata mwenye mabega yote mawili anakunja uso. Ukitumia kamba ya kuvutia yenye kapi, uzito unashuka nusu, kama kilo 40. Kwa bega lililowahi kuchomoka, huo bado ni mzigo. Mpini ndio mkombozi: unazungusha mdogo mdogo kwa mkono ulio mzima. Ndiyo, unachelewesha na bei imechangamka, lakini bega haliuzwi dukani.

Ila ishu kubwa ni kibali. Kwa Sheria ya Wanyamapori ya 2009, kuwinda bila leseni ni kosa. Na Ugalla tangu 2019 ni hifadhi ya taifa, kule hakuna cha kuwinda. Jamaa aanzie TAWA, aulize kama silaha yenyewe inakubalika, ndipo atoe hela.

Wakimkatalia, atundike gunia la nyasi uani alenge shabaha. Kitoweo bucha kipo.

Wadau, mnasemaje? Mpini au kamba?