Usilipie mfumo kabla hujauua

Kazi yangu ni kutunza kompyuta za watu hapa Ifakara: maduka ya dawa, ofisi za vyama vya wakulima, mashine za kukoboa mpunga. Muuzaji wa mfumo akija na kompyuta yake mpakato, hutuonyesha rangi, grafu na risiti zenye nembo ya mteja. Akimaliza, mimi humuuliza swali moja tu: hii programu yako ikiuawa katikati ya kazi, inaacha nini nyuma? Wengine hucheka, wakidhani nawatania. Mmoja aliniambia programu yake haifi.

Kila programu hufa. Na programu ya siku hizi mara nyingi haifanyi kazi peke yake. Ikitaka kusoma mzani, inaanzisha programu nyingine ndogo ya kusoma mzani. Ikitaka kutengeneza risiti ya PDF, inafungua kivinjari cha siri ambacho huwezi kukiona kwenye kioo. Ikitaka ripoti ya mwezi, inaiamsha Excel kimyakimya. Sisi mafundi huiita ile ya kwanza mzazi, na hizo zinazoanzishwa watoto. Mzazi akifungwa kwa utaratibu, huwaamuru watoto wafunge kazi, kisha naye anaondoka. Balaa huanza pale mzazi anapokufa bila kuaga.

Nililiona hilo msimu mmoja wa mavuno, kwenye mashine moja ya kukoboa hapa mjini. Fuso zimepanga foleni, mpunga umevuka daraja kutoka upande wa Malinyi, na mfumo wa kupimia ukaganda. Karani akaenda kwenye Task Manager ya Windows, akaua programu, akaifungua upya. Kila alipobonyeza kitufe cha kupima, akajibiwa kwamba mlango wa mzani unatumika. Unatumika na nani, naye yuko peke yake ofisini? Unatumika na mtoto wa ile programu aliyoiua. Mzazi alikufa, mtoto akabaki hai, ameshikilia waya wa mzani, na Windows hairuhusu programu mbili kufungua mlango wa namna hiyo kwa wakati mmoja. Karani akazima kompyuta nzima na kuwasha. Mzani ukasoma. Watu wakashukuru, wakasema imepona.

Haikupona. Kuzima na kuwasha kuliwafagia yatima wote, na ushahidi ukafagiliwa pamoja nao. Muuzaji akipigiwa simu anasema kwa uhakika kabisa kwamba mfumo wake uko salama, kwa kuwa umewaka. Wiki ijayo mambo ni yaleyale, na mkulima anayesubiri kupimiwa anaandikiwa kilo zake kwenye daftari kwa kalamu. Ndiyo maana nasema dawa hii ya zima-washa, tuliyoizoea sote, inawalinda waliouza kuliko walionunua.

Na hapa tunapoishi, kati ya mabwawa ya Kidatu na Kihansi, lawama ya kwanza huangukia umeme. Umeme una makosa yake, lakini hili si lake. Umeme ukikatika, mzazi na watoto hufa pamoja. Faili linaweza kubaki nusu, ila yatima hakuna. Yatima huzaliwa kompyuta ikiwa inawaka vizuri: mtu amelazimisha programu ifungwe, au kumbukumbu ya kompyuta imejaa na mfumo endeshi ukaamua kuua mmoja ili wengine wapone. Kwa hiyo ukinunua betri ya akiba ili kompyuta isizimike, umefanya jambo jema, ila umewaongezea yatima siku za kuishi.

Mifumo endeshi inalijua jambo hili tangu zamani. Katika Unix, iliyoanza kuandikwa mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie kwenye maabara za Bell huko Marekani, na katika Linux iliyofuata nyayo zake, mtoto aliyefiwa na mzazi kwa kawaida hukabidhiwa kwa mchakato namba 1, ule unaotangulia kuanza kompyuta inapowaka. Mlezi huyo hamuui yatima. Humwacha aendelee na alichokuwa anafanya, na siku yatima akifa, humfutia jina kwenye daftari. Windows haina hata mlezi wa aina hiyo: mtoto hubaki na namba ya mzazi aliyekufa, na namba hiyo baadaye inaweza kupewa programu nyingine isiyohusika kabisa.

Ukimbana mwandishi wa programu, atakwambia ameshaweka mstari wa kuwafunga watoto pale programu inapotoka. Huo ndio utetezi ninaousikia kila mara, na haufai. Kwenye Linux ipo ishara namba 15, ambayo ni ombi la kufunga: programu huisikia, ikapata nafasi ya kusafisha. Ipo pia ishara namba 9, ambayo haisikiki, haikataliwi wala kuahirishwa. Programu inakufa hapohapo, na mstari wake wa usafi haufikiwi kamwe. Kumbukumbu ikijaa, hiyo ndiyo ishara inayotumwa. Kulazimisha kufunga kwa Task Manager kunaweza kuwa vivyo hivyo. Kumwachia mzazi jukumu la kusafisha baada ya kifo chake ni sawa na kumteua marehemu awe msimamizi wa mirathi yake mwenyewe.

Jukumu hilo apewe anayebaki hai, yaani mfumo endeshi, na akabidhiwe kabla mtoto hajaanza kazi. Njia zipo, wala si ngeni. Kwenye Windows, programu inaweza kuwaweka watoto wake kwenye kundi moja na kuagiza kwamba kundi likikosa mwenyewe, wote waliomo wauawe, wajukuu wakiwamo. Kwenye Linux, mtoto anaweza kuomba apelekewe ishara mara mzazi wake anapokufa, ingawa ombi hilo halirithiwi na wajukuu. Anayeendesha huduma zake chini ya systemd, msimamizi wa huduma katika Linux nyingi, amerahisishiwa zaidi: watoto wote wa huduma huwekwa kwenye kundi moja, na huduma ikisimama, kwa kawaida kundi zima husimamishwa. Na kuna njia ya kale inayofaa karibu kila mahali: mzazi na mtoto waunganishwe kwa bomba la mawasiliano. Mzazi akifa, kwa namna yoyote ile, mfumo endeshi hufunga upande wake. Mtoto akiona bomba limefungwa, anajua hana tena wa kumtumikia, anaacha mzani na kutoka.

Kuna watakaosema kwamba si kila mtoto anapaswa kufa na mzazi wake. Ni kweli. Mji huu unafahamika duniani kwa utafiti wa malaria, na katika Taasisi ya Afya Ifakara kuna watu ambao hesabu zao huchukua saa nyingi. Mtafiti anayeanzisha hesabu jioni kwenye seva, kisha akafunga kompyuta yake na kwenda kulala, anataka hesabu iendelee. Kwa mtu kama huyo, ni heri Unix haikuwahukumu kifo yatima wote. Lakini huyo ameamua. Ninachokilalamikia ni yatima ambao hakuna aliyewaamulia lolote: hakuna aliyesema waendelee, hakuna aliyesema wafe, na hakuna anayejua kwamba wapo mpaka kompyuta inapokuwa nzito, au Excel inapodai faili linatumika na mtu mwingine wakati ofisi ni tupu.

Basi mnunuzi afanye nini, naye si mtaalamu? Aweke kipengele kimoja kwenye mkataba, na malipo ya mwisho yakisubiri. Siku ya makabidhiano mfumo ufanye kazi halisi: upime gunia, uchapishe risiti, utoe ripoti. Katikati ya kazi hiyo fundi wa mnunuzi, na si wa muuzaji, aiue programu mzazi peke yake. Kisha orodha ya programu zinazoendelea ifunguliwe mbele ya wote. Kila mtoto aliyebaki, muuzaji aeleze kwa nini amebaki. Baada ya hapo mfumo ufunguliwe upya bila kuzima kompyuta, na gunia lilelile lipimwe tena.

Halmashauri, hospitali, shule na vyama vya ushirika vinavyonunua mifumo kwa fedha za watu vina sababu kubwa zaidi ya kudai hivyo. Jaribio hilo halihitaji mtaalamu kutoka nje wala kifaa kipya. Linahitaji dakika chache na mtu asiyeona haya kubonyeza kitufe. Muuzaji akigomea kuuawa kwa programu yake mbele yenu, fedha zibaki benki, naye arudi siku atakapokuwa tayari.