Nusu sekunde iliyofichua mlango wa siri kwenye Linux

Machi 2024, Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, alikuwa anapima kasi ya hifadhidata ya PostgreSQL. Akagundua kitu kidogo tu: kuingia kwenye kompyuta yake kwa SSH kulichelewa kama nusu sekunde.

Wengi wetu tungelaumu mtandao, basi. Yeye akachukua zana za kupima programu pamoja na dibaga, ile inayokuruhusu kuisimamisha programu katikati ya kazi uone kilichomo ndani. Njia ikampeleka kwenye xz, programu ya kubana mafaili. Matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yalikuwa na mlango wa siri wa kumwezesha mdukuzi kuendesha amri kwenye seva ya mtu mwingine.

Na mdukuzi alijiandaa. Kodi yake ilikuwa inakagua kama inachunguzwa kwa dibaga, na wakati mwingine ikitulia kimya kama haijafanya kitu. Ujanja wa hali ya juu, lazima tukubali.

Freund alitangaza Machi 29, matoleo hayo yakiwa tayari yameingia Debian na Fedora za majaribio.

Kinachotisha ni kwamba aliyepenyeza kodi hiyo, anayejiita Jia Tan, alianza kuchangia mradi mwaka 2021, akasaidia taratibu hadi akaaminiwa. Mradi wenyewe ulitunzwa na mtu mmoja tu, wa kujitolea. Seva kibao duniani zinaitegemea xz. Kampuni zinazofaidika nayo zilikuwa wapi?