Chombo cha Fedha Hakimpi Mtu Utu

Kijiko cha fedha hakishibishi kuliko kijiko cha mti. Hata hivyo, kwa karne nyingi matajiri wa Uingereza walikipa kazi ya pili, nayo ni kumtangaza mwenyewe. Katika Zama za Kati, chombo kikubwa cha fedha cha kutilia chumvi kiliwekwa karibu na mwenye nyumba. Aliyeketishwa upande wa juu wa chumvi alikuwa mtu wa heshima. Aliyeketishwa chini yake alijua daraja lake kabla hajaonja chakula.

Vyombo hivyo vilikuwa pia akiba, kwa kuwa sahani iliweza kuyeyushwa ikawa sarafu. Ndiyo maana sheria ililinda ubora wake: sehemu 925 za fedha safi katika kila 1,000. Alama ya kichwa cha chui ilianza kupigwa mwaka 1300, na ya simba mwaka 1544. Nyuma ya mpini wa kijiko cha kale huonekana alama hizo zimejipanga, kila moja ndogo kuliko punje ya mchele, pamoja na herufi za sonara na ya mwaka. Kwingine huchorwa nembo ya ukoo.

Lakini fedha haibaki nyeupe yenyewe. Salfa iliyomo hewani na katika mayai huitia weusi. Kwa hiyo mng'aro wa mezani ulishuhudia kwamba nyumba ina watumishi wa kusugua. Sifa alipewa bwana. Jasho lilikuwa la mwingine.

Na sifa hiyo haikuwa na mizizi. Mwaka 1689 Mfalme Louis XIV wa Ufaransa aliamuru samani za fedha za jumba la Versailles ziyeyushwe kugharimia vita. Mwaka 1840 kampuni ya Elkington ya Birmingham ikapata hataza ya kupaka madini duni utando wa fedha kwa umeme, na mng'aro wa wachache ukaingia nyumba za watu wa kawaida. Kama heshima ingekuwa ndani ya chombo, ingeyeyuka kwa moto na kununuliwa dukani.

Basi aliyerithi vyombo vizuri na amkirimu mgeni kwavyo, visikae kabatini kwa kujionyesha. Asiyekuwa navyo asiingie katika deni ili aonekane. Heshima ya meza hupimwa kwa mahali anapoketishwa mgeni mnyonge kuliko wote.