Pijo ya Nyuma Ndefu Isiishie kwa Vyuma Chakavu

Na Salim Mwakio

Kila Pijo 504 ya nyuma ndefu inayokatwakatwa na kuuzwa kwa kilo inaondoka na sehemu ya historia yetu, nami sioni anayejali. Gari hili lilitoka Ufaransa, lakini lilipofika huku likawa letu. Kwa miaka mingi liliunganishwa Mombasa, kwa mikono ya Wakenya.

Sifa yake ilianza na kaka yake, 404 ya mwaka 1960, gari la pembe kali na paa bapa. Nick Nowicki alishinda nalo Safari Rally mwaka 1963, mwaka ambao magari saba tu ndiyo yaliyomaliza. Bert Shankland wa Tanzania akashinda 1966 na 1967, kisha Nowicki akarudi kutwaa ushindi 1968. Mwanakijiji aliyesimama kando ya barabara akiyatazama magari hayo yakipita kwenye matope hakuhitaji tangazo la kumshawishi.

504 ilizinduliwa mwaka huo huo wa 1968. Saluni yake ilikuwa na umbo la kupendeza, lakini mimi nasimama na ile ya nyuma ndefu. Wahandisi hawakuchukua saluni na kuibandikia buti kubwa tu. Waliongeza sentimita 16 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, wakaondoa mfumo wa springi za nyuma wa saluni, ambamo kila gurudumu hujitegemea, na badala yake wakaweka ekseli nzima iliyokalia springi nne za koili. Ndiyo maana ilipakiwa watu na magunia, keria ya juu ikajaa mikungu ya ndizi, na bado ikapanda kuelekea Nakuru au Eldoret bila kuburura tumbo.

Toleo la familia lilikuwa na safu tatu za viti. Kwa umbo lile la sanduku, kioo cha nyuma kimesimama karibu wima na paa halishuki, hata aliyekaa nyuma kabisa alipata nafasi ya kichwa chake. Tazama magari mengi ya familia yanayosifiwa leo: safu ya tatu ni ya watoto wadogo, na mtu mzima akiingia huko hukunja magoti mpaka kifuani. Bibi aliyetoka hospitalini alikaa vizuri zaidi kwenye Pijo.

Na ikiharibika, fundi wa mji wowote mdogo aliijua. Ukifungua boneti ulikiona kila kitu, na mkono ulipita.

Reli ina makumbusho yake Nairobi, na vichwa vya treni vimehifadhiwa humo; Pijo nayo inastahili. Naomba Makumbusho ya Kitaifa watafute 504 moja iliyounganishwa Mombasa, yenye viti vyote vya safu ya tatu na keria yake. Wawatafute pia waliofanya kazi kwenye kiwanda cha Mombasa, pamoja na madereva walioziendesha kama teksi za masafa marefu, na kurekodi wanayoyakumbuka. Wengi wao sasa ni wazee.