Unacheka sanduku? Defender nayo ilianza hivyo

Wee unayepiga picha kando ya Defender ya wenyewe pale maegeshoni, hebu nikuulize: unajua ukoo wa gari hilo ulianza na sura gani?

Mwaka 1947, Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover kule Uingereza, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, Wales. Kazi za shamba alizifanya kwa Jeep kuukuu ya jeshi. Yeye na nduguye Spencer, aliyekuwa bosi wa kampuni, wakaamua waunde lao. Na la kwanza la majaribio? Lilikaa juu ya chesisi ya Jeep. Ndio, ya wenyewe! Usukani uliwekwa katikati, kama wa trekta. Wakalijaribu, wakaona usukani huo ni usumbufu, wakautoa. Chuma nacho kilikuwa haba baada ya vita, kwa hivyo bodi ikaundwa kwa aluminiamu. Leo mashabiki huisifu bodi hiyo kwa kutoshika kutu, utadhani ni ujanja uliopangwa. Wapi! Ilikuwa shida tu. Aprili 1948 Land Rover ikaonyeshwa Amsterdam.

Toyota nao mwaka 1951 walichukua injini ya lori wakaitia kwenye gari dogo, wakaliita Toyota Jeep. Jina lenyewe si lao! Lakini walilipandisha Mlima Fuji hadi kituo cha sita, maafisa wa polisi wakishuhudia. Polisi wakaagiza magari 289. Jina la Land Cruiser lilikuja baadaye, 1954.

Sasa tuje nyumbani. Mobius, gari lililobuniwa Kenya kwa ajili ya barabara zetu mbovu, lilipotoka tulilifanyia nini mitandaoni? Ati sanduku. Ati mabati yenye magurudumu. Agosti 2024 kampuni ikatangaza kwamba inafunga kwa kulemewa na madeni, kisha mnunuzi akajitokeza dakika za mwisho.

Sisemi ungelinunua kwa uzalendo. Ukiwa na pesa za kujibana, gari kuukuu kutoka Japani lina fundi kila mtaa na vipuri kila kona, na hakuna anayeweza kukulaumu. Ninachokataa ni kupima toleo la kwanza la Mkenya kwa toleo la miaka 70 la Mjapani, halafu tuseme “si niliwaambia, hatuwezi.” Land Rover ya kwanza ingewekwa mtandaoni leo, na usukani wake katikati, ungeicheka hadi machozi.

Tofauti kubwa naona si akili. Ni mteja wa kwanza. Gari changa linahitaji mtu mwenye pesa na subira, alinunue likiwa na kasoro, alirudishe, lirekebishwe. Toyota walikuwa na polisi wao. Sisi je? Msafara wa wakubwa ukikupita tena pale Mombasa Road, hesabu ni magari mangapi yaliyobuniwa hapa.