Tusikusanye Kabla ya Kupanga

Wako wanaodhani kwamba kompyuta ikishakusanya, hesabu imekamilika. Sikubaliani nao. Lugha ya Pig, iliyobuniwa na watafiti wa Yahoo nchini Marekani mnamo mwaka 2006 ili kuchambua kumbukumbu nyingi mno, hutia zinazofanana katika fungu moja bila kujali zilivyofuatana.

Tuseme mvua ilinyesha tarehe 3, 4, 5, 9 na 10. Fungu litaonyesha siku 5 za mvua; kwamba vilikuwa vipindi viwili, hutaona. Basi zipange tarehe kwanza, zipe namba 1 hadi 5, kisha toa kila namba katika tarehe yake. Hubaki 2, 2, 2, 5, 5. Sasa kusanya kwa tofauti hiyo: vipindi hujitenga vyenyewe. Mwalimu asingoje kompyuta, chaki yatosha.