Shantie inakula kila siku, lakini tusiilishe kwa deni

Ndugu wana-koperative wa Tshopo,

Kila mara shule, kituo cha afya ao barabara inaanza kujengwa kwetu, maneno ni yale yale: "Kazi imechukuliwa na watu wa Kinshasa, sisi tumebaki kuangalia." Kuna ukweli ndani. Soko la Serikali linaomba garanti ya benki, mashine na mafundi wakubwa. Koperative ya muchele ao ya mihogo itavipata wapi? Lakini naona tunagonga mlango usio wetu. Mlango wetu ni ule wa jiko: kuuzia kompani iliyoshinda soko vitu ambavyo haiwezi kuleta toka mbali. Na hata kwa mlango huo, tusiingie bila mkataba ulioandikwa na bila avansi. Afadhali kukosa soko kuliko kulipata kwa deni.

Tuangalie kwanza kazi yenyewe. Mpango wa maendeleo ya teritware 145, ule tunaoita PDL-145T, unahusu pia teritware zetu 7: Bafwasende, Banalia, Basoko, Isangi, Opala, Ubundu na Yahuma. Ni mpango wa shule, vituo vya afya, majengo ya utawala. Shantie ya namna hiyo, ikiwa ndani kabisa ya Opala ao Yahuma, inapata simenti na mabati kwa shida, kwa baliniere ao kwa gari, na kwa bei kali. Lakini mchanga, mawe, mbao, matofali ya kuchoma, makala, mitumbwi ya kuvusha vitu, na chakula cha wafanyakazi, hivyo vyote viko kwetu. Hakuna bosi mwenye akili atakayebeba muchele toka Kinshasa kupeleka Isangi.

Tufanye hesabu. Tuseme shantie iko na wafanyakazi 60, na kila mmoja anakula gramu 400 za muchele kwa siku. Ni kilo 24 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi, ni kilo 624 kwa mwezi. Kazi ikidumu miezi 6, ni zaidi ya tani 3 na nusu, mbele ya kuhesabu maharagi, samaki, mafuta ya mawese, sombe na ndizi za lituma. Koperative inaweza kulisha soko la namna hiyo, lakini kwa sharti moja: ijue mbele ya kupanda, si siku magari yanafika. Njo maana mtu mmoja wa koperative anapaswa kuwa na kazi ya kufuata habari za masoko: kwenda kwenye ofisi ya teritware, kuuliza kompani gani imeshinda, itaanza lini, itadumu miezi mingapi, italeta watu wangapi.

Sheria inatusaidia kidogo. Sheria namba 17/001 ya 8 Februari 2017 inahusu sutretansi, ni kusema kazi ambayo kompani kubwa inamegea kompani ndogo. Inasema kazi hiyo ni ya kompani zenye mali ya Wakongomani na zinazoongozwa na Wakongomani, kwa umbo lolote la kisheria. Inasema pia kompani kubwa isigawe zaidi ya 40% ya soko lake, na kwamba sutretansi inayopita franka milioni 100 za Kongo itangazwe ili watu washindane. Ofisi inayosimamia ni ARSP. Lakini tuwe waangalifu: sheria hiyo ni ya sekta ya binafsi, na masoko ya Serikali yenyewe yanaongozwa na sheria ya 27 Aprili 2010. Kwa hiyo mbele ya kupeleka dosie, uliza kompani: mnagawa kazi kwa sheria gani, na mnataka karatasi gani? Kuuza magunia 10 ya muchele ni biashara ya kawaida. Kupewa jiko zima la shantie kwa miezi 6 ni jambo lingine.

Sasa nifike kwenye hatari. Kompani kubwa nyingi zinasema: "Leteni tu, tutawalipa wakati Serikali itatulipa." Maneno hayo ni matamu juu yanaonekana ya haki: sisi wote tunangoja pamoja. Lakini si sawa. Kompani iko na benki, iko na masoko mengine. Koperative iko na wanamemba ambao wametoa mifuko yao wakingoja franka za masomo ya watoto. Rudi kwenye hesabu yetu: miezi 3 bila malipo, kilo 1872 zimeliwa. Mwanamemba aliyetoa mifuko yake na hakulipwa hatauliza kama Kinshasa imechelewa. Atauliza prezida wa koperative. Mavuno yafuatayo, atauzia mchuuzi wa kando ya mto kwa bei ya chini, ili mradi apate franka mkononi. Hapo koperative imekufa, hata kama deni litalipwa siku moja.

Dawa iko, na si ngumu. Omba avansi ya siku 12 za kazi. Kwa mfano wetu ni kilo 288. Kiisha, malipo kila baada ya siku 12. Kipindi kimoja kikipita bila malipo, unasimamisha gari, na avansi inafunika vile walivyokula. Iandikwe katika mkataba kwamba malipo yanafuata siku ya kuleta vitu, hayafuati siku ambayo Serikali italipa. Kila mara unapoleta, mtu wa shantie atie sahihi kwenye karatasi: kilo ngapi, siku gani, nani amepokea. Bila karatasi hiyo, hata tribinali haina la kukusaidia.

Hatari ya pili ni kuazima jina. Juu sheria inataka kompani za Wakongomani, kuna watu wanatafuta koperative yenye karatasi safi ili wapite nyuma yake. Wanakupa asilimia kidogo, wao wanafanya biashara. Mambo yakiharibika, kodi inadaiwa kwako, sahihi ni yako. Tukatae, hata kama kasha ni tupu.

Wengine watasema: bila kujuana na mkubwa, hakuna soko. Sibishi, kujuana kunafanya kazi. Lakini shefu wa shantie mwenye watu 60 wenye njaa anatafuta kwanza mtu ambaye hatakosa Jumatatu asubuhi. Na sheria nzuri peke yake haitoshi pia. Kenya, tangu 2013, Serikali inaweka 30% ya manunuzi yake kwa biashara za vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Hata hivyo kilio cha malipo yanayochelewa hakijaisha huko. Kufungua mlango ni jambo moja, kulipwa ni lingine.

Koperative moja ikiona mzigo ni mzito, iungane na jirani. Sheria ya OHADA, ambayo nchi yetu iko ndani tangu 2012, inakubali koperative 2 ao zaidi zifanye umoja. Moja ilete muchele, nyingine samaki, nyingine mitumbwi, kwa faktire moja.

Kwa mkutano wenu ujao, naomba mjibu maswali matatu mbele ya wanamemba wote. Karatasi zetu ziko tayari: uandikishaji, namba ya kodi, konti ya benki? Tunaweza kutoa kilo ngapi kila wiki bila kukosa? Na nani kati yetu atakuwa na uwezo wa kumwambia bosi "hapana" siku atakapokataa avansi? Mkikosa jibu la swali la tatu, msiende kwanza kwenye shantie.